Kipini cha Pili cha Msumeno

Msumeno wa kukatia magogo makubwa una vipini viwili. Kule Matondoni, ng'ambo ya pili ya kisiwa chetu cha Lamu, ambako vyombo vya baharini bado huundwa kando ya mikoko, nimewahi kuuona mmoja umetundikwa ndani ya banda la makuti, meno yake yameliwa na kutu na vipini vyake vya mti vimelainika kwa mikono ya watu waliokwisha kwenda zao. Fundi mmoja mzee alinieleza namna ulivyotumika: huyu avuta, yule alegeza; yule avuta, huyu alegeza; wala hapana anayesukuma, kwa sababu ukisukuma, bamba la chuma hujikunja na kukwama ndani ya gogo. Alisema kuwa watu wawili wakishazoeana hawatazamani tena wala hawayatazami meno ya msumeno. Kila mmoja anajua kupitia chuma chenyewe mwenzake amefika wapi.

Niliyakumbuka maelezo yale niliposoma kwa mara ya kwanza habari za utoto wa Doc Watson, mwanamuziki asiyeona kutoka milima ya North Carolina nchini Marekani, ambaye gitaa lake limenikesha hapa Langoni kwa miaka mingi. Alipokuwa na umri wa miaka 14, baba yake alimkabidhi kipini kimoja cha msumeno wa watu wawili, yeye mwenyewe akashika kile cha pili. Watson aliishi hadi umri wa miaka 89, akapanda majukwaa makubwa na kupokea nishani ya taifa, lakini hadi uzeeni alikuwa akiisimulia habari ya msumeno ule na kusema kwamba hapo ndipo baba yake alipomfahamisha kuwa kutoona si sawa na kutoweza. Hoja yangu ni kwamba kazi yake yote ya muziki ieleweke kuanzia hapo, kwenye kipini cha pili, na kwamba sisi tunaomsifu kwa kuanzia kwenye macho yake tunalikwepa jambo zito ambalo maisha yake yanatudai.

Jina lake la kuzaliwa ni Arthel Lane Watson. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1923 katika kitongoji cha Deep Gap, akiwa mtoto wa sita kati ya tisa, na maambukizi ya macho yakamwondolea uwezo wa kuona kabla hajatimiza miaka miwili. Nyumba yao ilikuwa ya wakulima wasio na mali, lakini haikupungukiwa na sauti. Baba yake, General Dixon Watson, ambaye "General" lilikuwa jina tu na wala si cheo cha kijeshi, aliongoza nyimbo kanisani. Mama yake, Annie, aliwaimbia watoto nyimbo za dini. Na kila ilipofika Krismasi mtoto huyu alipewa kinanda kipya cha mdomo, kwa kuwa kile cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimekwisha kwa kupulizwa.

Akiwa na umri wa miaka 11 baba yake alimtengenezea banjo kwa mikono yake mwenyewe. Ilihitajika ngozi nyembamba ya kuwamba juu ya duara la mti, na ikapatikana kwa paka wa bibi yao, aliyekuwa amezeeka na kuugua. Watson alisema baadaye kwamba ngozi ile ilitoa sauti safi kuliko alizowahi kuzijaribu. Msomaji wa Lamu hatakuwa na haja ya kuelezwa sana jambo hili, kwani kibangala chetu nacho kilichongwa katika kipande kimoja cha mti kisha kikawambwa ngozi tumboni, na wazee wanaokumbuka kucheza kwake husema kuwa ngozi ndiyo iliyokipa ulimi. Banjo yenyewe ina asili ya Afrika ya Magharibi, ikavushwa bahari pamoja na watu waliochukuliwa utumwani, hata ikafika kwenye milima ya wakulima wa Kizungu wasiojua ilikotoka. Baba alipoiweka mikononi mwa mwanawe alimwambia ajifunze kuipiga vizuri, kwa maana huenda ikamsaidia kupita duniani.

Maneno hayo yana uzito wake. Mkulima yule hakusema kuwa banjo itamliwaza mwanawe, wala kwamba itamfanya asahau giza. Aliitoa kama mtu anavyotoa jembe au wavu: chombo cha kupatia riziki. Na miaka mitatu baadaye, alipomweka kwenye msumeno, alifanya jambo lile lile kwa njia nyingine.

Ikumbukwe kwamba msumeno na gitaa havikuwa mambo mawili mbalimbali katika maisha ya Watson, kwani kimoja kilikinunua kingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 kuvu hatari iliingia katika misitu ya mashariki ya Marekani na kuua miti ya chesnati kwa mabilioni, hata milima mizima ikabaki na miti mikavu iliyosimama. Miti hiyo ilikuwa na utomvu uliofaa kutengenezea ngozi, mfano wa magome ya mkoko ambayo pwani yetu iliyasafirisha ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo. Watson na ndugu yake David waliikata ile iliyokuwa imekauka pembezoni mwa shamba lao, wakaiuza kiwandani, na kwa fedha hizo yeye akaagiza gitaa kutoka duka la Sears Roebuck lililouza kwa njia ya posta. Hapa kwetu tunasimuliwa habari ya Fumo Liyongo gerezani, jinsi mama yake alivyoficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, naye Liyongo akawafundisha watu waliokuwa nje kucheza gungu kwa kishindo ili mlio wa tupa ikikata minyororo usisikike. Sijui kisa kingine katika hadithi zetu ambamo chombo cha kukatia na ala za muziki zimefanya kazi pamoja kwa ukaribu namna hiyo, na kila ninapofikiria gitaa lile lililonunuliwa kwa vumbi la mbao, kisa cha Liyongo hunijia chenyewe.

Gitaa hilo halikuwa la kwanza kulishika. Katika shule ya wasioona mjini Raleigh, mbali sana na kwao, mwanafunzi mwenzake alimwonyesha namna ya kuweka vidole kwa sauti chache za mwanzo. Likizo moja baba yake alimkuta akihangaika na gitaa la kuazima, akamwambia kwamba akiwa ameweza kupiga wimbo mmoja kamili kufikia jioni, atamsaidia kununua lake. Baba akaenda kazini, na aliporudi wimbo ulikuwa tayari. Gitaa la kwanza likagharimu dola 12.

Sasa niseme kile kinachonisumbua. Mtu asiyeona anapokuwa hodari katika muziki, watu wa kila nchi, na sisi wa Lamu hatumo nje, husema kwamba Mungu amemfidia: alimnyima jicho, akampa sikio. Nalisikia neno hilo kwenye mabaraza, nalisikia harusini, na sina shaka kuwa wengi hulisema kwa huruma na kwa imani. Sibishani na rehema ya Mwenyezi Mungu. Ninachobishana nacho ni kazi ambayo sentensi hiyo hutufanyia sisi tunaoona, kwa sababu inatuondoa wote katika habari. Ikiwa sikio limeletwa moja kwa moja kutoka mbinguni, basi hapakuwa na baba aliyechonga banjo, wala mwanafunzi aliyetumia saa zake kumwelekeza mwenzake vidole, wala ndugu aliyeshika upande wa pili wa msumeno. Na kwa yule asiyeona ambaye hakuwa mwanamuziki, sentensi hiyo ina ukatili uliojificha, kwa kuwa inamwambia kwamba yeye amenyimwa jicho na hata fidia yake haikufika.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano wa kupinga tabia hii. Kila mtoto aliyepita chuoni amesomeshwa sura ya Abasa na habari ya Abdullah ibn Ummi Maktum, sahaba asiyeona aliyekunjiwa uso alipomjia Mtume. Tunaikumbuka aya, tunaukumbuka uso uliokunjwa, lakini tunapita haraka juu ya yaliyofuata: kwamba Mtume alimfanya kuwa mmoja wa waadhini wake, na kwamba zaidi ya mara moja, alipotoka Madina kwa safari, alimwachia yeye mji. Alikabidhiwa amana. Adhana ni kazi ya wakati, na mji ni kazi ya watu, na zote mbili zikawekwa mikononi mwa mtu ambaye leo mtaani kwetu angetandikiwa mkeka kivulini na kuambiwa apumzike.

Methali yetu husema kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wahenga hawakusema kwamba asiposana akae. Mvuo haumtaki mtu aone cheche. Unamtaka asikie moto unavyopumua na kuujibu kwa kiasi chake. Baba yake Watson hakuijua methali hii, lakini aliitekeleza sawasawa.

Nina sababu ya kulishikilia neno hili. Tulipokuwa wadogo palikuwa na mtoto mwenzetu wa mtaa mmoja ambaye surua ilimpofusha akiwa na umri wa miaka sita hivi. Baba yake alikuwa mvuvi. Sisi wengine tulipofikia umri wa kupelekwa baharini, tulianza kwa kazi ya chini kabisa, kufua maji yaliyoingia chomboni, kazi ambayo mtu huifanya akiwa ameinama, mara nyingi usiku, kwa kupapasa, na ambayo macho hayaisaidii chochote. Yeye aliomba achukuliwe, nami nilikuwapo alipoomba. Wakubwa walisema, kwa sauti ya upole kabisa, "Maskini, mwacheni akae." Akakaa gatini. Tuliporudi asubuhi alikuwa pale pale, na kabla hatujafika aliweza kumwambia aliyekuwa karibu naye ni mashua ya nani inayokuja, kwa mlio wa foromali dhidi ya mlingoti. Alihifadhi kila toni ya zumari iliyopigwa katika harusi za mtaa wetu, akaweza kuzitoa kwa mdomo bila kukosea. Hakuna aliyemwekea zumari mikononi. Sasa ni mtu mzima wa umri wangu, na bado watu hupita wakisema kuwa Mungu amempa sikio.

Nikirudi kwa Watson, kuna jambo la pili ambalo huwa halichambuliwi ipasavyo, nalo ni wingi wa ala zake. Mara nyingi husemwa kwamba alipiga gitaa, banjo na kinanda cha mdomo kana kwamba huo ni ushahidi zaidi wa muujiza. Ukifuata mpangilio wa maisha yake unaona kuwa kila ala ilikuja kwa njia yake na kwa haja yake: kinanda cha mdomo kwa sababu ndicho mkulima aliweza kukinunua, banjo kwa sababu iliwezekana kuitengeneza nyumbani, gitaa kwa sababu palikuwa na miti iliyokufa ya kuuza. Aliwahi pia kutengeneza na kurekebisha sauti za piano za watu ili alishe familia, ambayo ni kazi ya sikio na bisibisi. Nyumbani kwake alifanya mwenyewe hata kazi ya nyaya za umeme. Mtu wa namna hiyo hatofautishi sana kati ya ala na chombo cha kazi, na nadhani kutotofautisha huko ndiko kulikomfanya azishughulikie ala zake bila ya madaha.

Jina la Doc alilipata katika matangazo ya redio yaliyofanyika mbele ya watu, pale mtangazaji aliposema kuwa jina la Arthel ni gumu na mtu mmoja katika hadhira akapaza sauti kwamba aitwe Doc. Mwaka 1947 alimwoa Rosa Lee Carlton, binti wa mpiga fidla Gaither Carlton, na kwa mkwe wake huyo akapata hazina ya nyimbo za kale. Walizaa watoto wawili, Merle mwaka 1949 na Nancy mwaka 1951. Katika miaka hiyo alikuwa akikaa kando ya barabara katika mji wa Boone akipiga gitaa ili wapita njia wamtupie senti.

Mwaka 1953 alijiunga na bendi ya dansi ya Jack Williams, upande wa Tennessee, akapiga gitaa la umeme. Hapa ndipo ilipozaliwa sanaa iliyompa jina, na ilizaliwa kwa upungufu. Wachezaji walitaka zile toni za haraka za fidla ambazo watu wa milimani huzichezea, lakini bendi haikuwa na mpiga fidla. Watson akajifunza kuzipiga kwa gitaa. Ni lazima nifafanue ugumu wake, kwa sababu msikilizaji wa leo aliyezoea magitaa yanayokimbia anaweza asiutambue. Upinde wa fidla hupita juu ya nyuzi na kuunganisha sauti bila kuinuka, kama mtu anayesoma kwa pumzi moja. Gitaa hudai kila sauti igongwe peke yake kwa kipande kidogo bapa kinachobanwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, chini, juu, chini, juu, na mkono wa kushoto uwe umekwisha kufika kabla ya pigo. Katika muziki wa kwao gitaa lilikuwa mtumishi wa wengine, likishika mdundo nyuma ya fidla na banjo, na wachache sana walikuwa wamethubutu kulileta mbele. Kwetu sisi tuliolelewa na udi jambo hili linaeleweka kwa urahisi, kwa kuwa udi haujawahi kukaa nyuma: katika mikono ya mtu kama marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu hii, ndio uliotangulia na sauti ya mwimbaji ikaufuata. Watson alilifanyia gitaa la milimani kile ambacho udi ulizaliwa nacho.

Nikiusikiliza mkono wake wa kulia, ule mwendo wa chini na juu usiochoka, nasikia kitu kingine pia. Yule fundi wa Matondoni alisema hakuna anayesukuma. Katika upigaji wa Watson, hata kwa kasi kubwa kabisa, husikii nguvu ikisukumwa. Sauti ya kupanda na sauti ya kushuka zina uzito mmoja, na katikati yake pana kulegeza. Sidai kuwa msumeno ndio uliomfundisha. Nasema tu kwamba mkono ulionyimwa kazi usingeweza kuwa na utulivu ule.

Mwaka 1960 mtafiti wa muziki wa jadi, Ralph Rinzler, alikwenda huko kumrekodi mwimbaji mzee Clarence Ashley, na Ashley akamwita Watson aje kusaidia. Watson alifika na gitaa la umeme. Rinzler hakulitaka, alitafuta ukale, na umeme ulimharibia. Kilichobadilisha mambo ni safari ya gari: Rinzler alikuwa nyuma ya pikapu akipiga banjo, Watson akahamia huko nyuma, akaichukua banjo ile na kuupiga wimbo wa Tom Dooley kama ulivyohifadhiwa katika familia yake. Wimbo huo unahusu mtu wa eneo lao hilo, Tom Dula, aliyenyongwa mwaka 1868, na wakati huo ulikuwa umetoka kuvuma nchi nzima kwa sauti za vijana wa mjini. Rinzler alitambua kuwa amekaa karibu na kisima chenyewe.

Wako wanaokichukulia kisa hiki kama habari ya mtu aliyerudishwa kwenye asili yake. Mimi nakisoma kwa tahadhari zaidi. Ni kweli kwamba bila Rinzler tusingemjua Watson, na ni kweli kwamba Rinzler alimfanyia wema mkubwa. Lakini wageni walitaka awe wa kale, na yeye alikuwa mtu wa mwaka 1960 mwenye watoto wawili na gitaa la umeme lililokuwa likilipa gharama za nyumba. Sisi wa Lamu tunaijua hali hiyo. Tangu Mji Mkongwe uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, anayetutembelea huja akitarajia milango iliyochongwa, punda na kanzu, na mara nyingine hukunja uso akisikia spika. Kumbe taarabu yetu tunayoiita ya asili imepokea udi kutoka Arabuni, fidla kutoka Ulaya, toni kutoka filamu za Kihindi, na hata taishokoto kutoka Japani. Uamuzi wa Watson ulikuwa wa hekima: aliliacha gitaa la umeme nyumbani kwa sababu soko jipya lilitaka lile la mti, lakini vidole alivyovifundishia katika bendi ya dansi hakuviacha. Wasikilizaji wa mjini waliosifu ukale wake walikuwa wakisikia, bila kujua, miaka ya kumbi za dansi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi: New York mwaka 1961 pamoja na Ashley, tamasha la Newport mwaka 1963, sahani yake ya kwanza peke yake mwaka 1964. Sahani zaweza kupatikana na kusikilizwa, kwa hiyo sitakaa juu yake. Jambo ambalo sahani haziwezi kulisema ni kwamba katika miaka ile ya mwanzo mtu huyu alisafiri kwa basi, mara nyingi peke yake, kutoka milimani hadi New York, akibeba gitaa na kubadilisha magari katika vituo asivyoviona, kati ya watu asiowajua. Umaarufu wake ulikuwa karibu kukatika hapo, kwa sababu ya njia na wala si kwa sababu ya muziki.

Aliyeufungua mkwamo huo ni Rosa Lee. Mwaka 1964, mumewe akiwa safarini, alimfundisha mtoto wao Merle, mwenye umri wa miaka 15, sauti za kwanza za gitaa. Baba aliporudi alimkuta mtoto anapiga, na haikupita miezi mingi akapanda naye jukwaani. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata Merle alikuwa mpiga gitaa wa pili, dereva na msimamizi wa safari. Sahani zao wawili zinaonyesha jambo ambalo nadhani ni adimu: mtoto hajishushi mbele ya baba, na baba hamwachii mtoto kwa huruma. Merle anapopiga nyuzi nzito baba hutangulia. Anapochukua usukani baba huanza kushika mdundo, na makabidhiano hayo hufanyika bila neno wala ishara, kwa kuwa ishara isingeonekana. Msumeno ulikuwa umepata kipini chake cha pili kwa mara nyingine, safari hii mwana akiwa upande wa anayeona.

Tarehe 23 Oktoba 1985 Merle alifariki katika ajali ya trekta, akiwa na umri wa miaka 36. Watson aliamua kuacha muziki. Alisimulia kwamba usiku wa kuamkia mazishi aliota yu katika jangwa lenye joto na giza, mchanga ukimdidimiza, hata akadhani hatatoka. Ndipo mkono wa Merle ukamfikia, na sauti yake ikamwambia aendelee, kwamba ataweza. Ndoto hiyo ya mtu asiyeona haina picha ndani yake: ina joto, mchanga, mkono na sauti. Sina la kuiongezea.

Aliendelea kwa miaka 26 zaidi. Tamasha la kumkumbuka mwanawe, MerleFest, lilianza mwaka 1988 katika chuo kimoja mjini Wilkesboro na hufanyika hadi leo. Mwaka 1997 alitunukiwa nishani ya taifa ya sanaa. Mwaka 2011 watu wa Boone walimsimamishia sanamu pale pale alipokuwa akikaa kuomba senti, sanamu iliyoketi kwenye benchi na gitaa, na kwa maombi yake mwenyewe ikaandikwa kwamba yeye ni mmoja tu wa watu. Tarehe 29 Mei 2012 akafariki.

Maandishi hayo kwenye sanamu yanachukuliwa kuwa unyenyekevu, na bila shaka ulikuwapo. Lakini kwa mtu aliyeishi miaka 89 akiitwa mwanamuziki kipofu kabla ya kuitwa jina lake, kuandikiwa kuwa mmoja wa watu ni dai, na ni dai kubwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inadai jambo la aina hiyo kwa watu wenye ulemavu: heshima, elimu, usafiri, na asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma. Nayaunga mkono yote hayo. Hata hivyo mtoto asiyeona wa kisiwa hiki anayehitaji shule yake maalumu anatazamia Likoni au Thika, safari ndefu kuliko ya Watson kwenda Raleigh si kwa maili tu bali hata kwa nauli, na anaporudi likizo hukuta mkeka ule ule kivulini. Ibara haina mikono ya kushika kipini cha pili. Mji huu ulimzaa Muhamadi Kijumwa, aliyekuwa malenga, mwandishi wa hati, mchongaji na mpiga ala kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa palikuwa na desturi ya kumpa mtoto kazi nyingi mikononi na kungoja kuona mikono itajibu nini. Naomba desturi hiyo isiwabague wasioona. Anayewamba ngoma amwite ashike ngozi. Anayepiga udi amwachie ausogeze mwenyewe kifuani mpaka aujue mzigo wake. Anayekwenda baharini ampe kata afue maji.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule mwenzetu wa utotoni, baada ya Isha, na simu yangu mfukoni. Nilimwekea Watson na Merle. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kidole kikigonga ukingo wa baraza, na katikati ya toni ya pili akasema, "Hawa ni wawili, na mmoja amemlea mwenzake." Nikamweleza wao ni nani. Akataka kujua mkubwa alilipataje gitaa, nami nikamsimulia habari ya miti iliyokauka, ya ndugu yake, na ya baba aliyemkabidhi kipini. Akanyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba toni ikaisha na nyingine ikaanza.

"Ndugu yangu," akasema, "msumeno wenyewe ulikuwa na urefu gani?"

Nikatanua mikono kumwonyesha kadiri ya ule wa Matondoni. Kisha nikakumbuka, nikaishika mikono yake miwili, nikaitanua.